Kufuli tatu, funguo mbili: majibu kwa wanaotengeneza filamu za akina mama wa makamo

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wa Dar es Salaam wanaojichangisha wenyewe kutengeneza filamu za kuchekesha na kuliza, na humo mwanamke wa makamo ndiye mwenye hadithi. Hapiti tu na sinia kama mama mkwe wa sini mbili. Tumefurahi sana kuzipata. Nyingine tumezijibu kwa kirefu, nyingine kwa mistari michache.

Shikamooni wahariri. Nimeandika muswada wa kurasa 118 kuhusu wanawake wanne wa kikoba kimoja, wote wamevuka miaka 45. Mmoja aliyeusoma anasema hauchekeshi, mwingine anasema huzuni yake haimwingii. Nikiongeza vichekesho, mambo mazito yanakuwa utani. Nikipunguza, filamu nzima inakuwa msiba. Nifanyeje?
*Binti wa Tabata*

Marahaba, mdogo wetu. Tuanze na hesabu. Ukurasa mmoja wa muswada uliopangwa kwa taratibu za filamu ni kama dakika moja ya picha, kwa hiyo unazo karibu saa mbili. Filamu ya aina hii hupumua vizuri kati ya dakika 90 na 100. Kata hadi kurasa 92 kabla hujagusa kichekesho hata kimoja. Mara nyingi watu hawacheki kwa sababu wamechoka njiani kabla ya kufika penye kicheko.

Kisha acha kupima vichekesho na huzuni kama anayeonja mchuzi, chumvi imezidi, ongeza maji. Tafuta kitu kimoja kinachoweza kubeba vyote viwili. Wewe unacho tayari, kimekaa katikati ya chumba: sanduku la kikoba. Lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Tuseme leo ni siku ya kukopeshana. Funguo mbili zimefika, wa tatu hajaonekana. Mweka hazina anapiga simu, haipokelewi. Katibu anaandika faini ya kuchelewa. Mmoja anasema kufuli ivunjwe. Mwingine anauliza kufuli mpya italipiwa na mfuko upi, wa jamii au wa faini, na wanabishana juu ya mfuko kwa dakika mbili nzima. Ukumbi utacheka, maana kila aliyewahi kukaa kikao anawajua watu hao. Halafu mwenye ufunguo anaingia na bahasha kubwa ya kaki, ya picha za eksirei. Kabla hajaulizwa anatoa noti ya faini, anaiweka mezani, anafungua kufuli yake, anakaa. Hakuna anayeuliza bahasha ina nini. Katibu anavuta daftari alifute jina lake kwenye orodha ya faini. Kalamu imekata wino, anakwaruza mara ya pili, mara ya tatu.

Humo hamna hata neno moja la huzuni, na hakuna aliyebadilika kutoka alivyokuwa dakika moja kabla. Faini ile ile iliyochekesha ndiyo sasa inauma. Angalia namna sini hii inavyoandikwa mara nyingi: mama anaingia analia, muziki unaanza, anasema "jamani, daktari ameniambia." Papo hapo sanduku limesahaulika, na wenzake ishirini hawana la kufanya ila kutazama.

Chukua karatasi, na kwa kila sini ujibu maswali mawili. Huyu mama anataka nini cha kushikika, kama ufunguo, noti au sahani? Na anaficha nini? Sini isiyo na jibu la kwanza itakuwa maombolezo, isiyo na jibu la pili itakuwa kichekesho kitupu. Baadaye kusanya wanawake wanne wa umri huo, msome nao muswada kwa sauti mkiwa mmekaa mkekani. Watakukatiza: "sisi hatusemi hivyo." Uwe na kalamu karibu.

Mhusika wangu ana miaka 51, anakoma hedhi. Nataka lile joto la ghafla lionekane na lichekeshe bila kumdhalilisha. Shida ni kwamba Dar kila mtu anatoka jasho. Mtazamaji atajuaje?
*Mwongozaji, Kinondoni*

Umri umeupatia: wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inaposhuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, na joto dogo hulichukulia kama kubwa. Mwili unaamriwa ujipoze. Mishipa ya damu ya ngozi inapanuka, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka kifuani, shingoni na usoni. Mara nyingi ni suala la dakika moja hadi tano. Likipita, wengi husikia baridi, kwa kuwa jasho limekwisha kuwapoza. Hiyo baridi ya mwisho waandishi huisahau, na kwa mwigizaji ni mali: anavua mtandio kwa hasira, anajipepea na kadi ya mwaliko, na dakika tatu baadaye anautafuta mtandio ule ule chini ya meza.

Kuhusu jasho la Dar, tumia tofauti. Mweke mahali ambapo wengine wote wanasikia baridi: asubuhi ya Julai kwenye kivuko cha Kigamboni watu wamejikunyata na masweta, au ofisi yenye kiyoyozi kikali. Bora zaidi ni chumbani usiku. Yeye anaamka, anapeleka swichi ya feni kwenye 5. Mume anavuta shuka hadi kidevuni, anangoja, ananyoosha mkono kimya kimya na kuirudisha kwenye 2. Mke anaamka tena. Wacheze hivyo mara tatu bila neno, kamera ikiwa imetulia mahali pamoja, wote wawili ndani ya fremu. Mara ya nne, mume aamke yeye na aipeleke feni kwenye 5, halafu akalete blanketi lake kutoka kabatini. Ndoa ya miaka 25 imeelezwa kwa swichi.

Jasho la kuigiza ni glisarini na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Maji matupu hukauka shoti ya pili haijaanza. Puliza kifuani, juu ya mdomo na kwenye ukingo wa nywele, mbali na macho, na siku moja kabla umjaribie kidogo mkononi kuona kama ngozi yake inakubali. Kila baada ya kupuliza mpige picha kwa simu, la sivyo jasho litahama kutoka shoti hadi shoti.

Kumdhalilisha kunategemea nani anachekwa. Kijana wake aseme ni malaria, shoga yake aseme ni presha, mkwe alete maji ya limao, naye anajua fika ni nini na amechoka kueleza. Hapo tunawacheka wao tukiwa upande wake. Jambo moja tunakuomba usilifanyie mzaha hata kidogo: damu kutoka tena baada ya mwaka mzima bila hedhi. Hilo ni la kwenda kwa daktari, na mtazamaji wako mmoja huenda analo.

Mhusika wangu hawajibu watu kwa mdomo, anawajibu kwa kanga. Tulipoonyesha vipande vya kwanza hakuna aliyesoma maandishi. Tumekosea wapi?
*Mama Kijacho, Mbagala*

Mmempiga picha kwa mbele, bila shaka. Kanga ina pindo pande zote, mji katikati, na jina likiwa chini ya mji, upande mmoja. Ikivaliwa kiunoni vizuri, jina huangukia nyuma. Maana yake jibu la kanga husomwa mama anapoondoka, na hapo ndipo utamu wake ulipo: mshindani amebaki amesimama, hana wa kumrudishia neno.

Basi iandaeni sini kwa ajili ya mgongo. Maneno yakiisha ageuke, aende hatua nne au tano kwa mwendo wake wa kawaida, kamera iwe kimo cha kiuno, jina likae wazi walau sekunde tatu. Jina fupi husomeka, refu humezwa na mikunjo. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" lina maneno manne tu, lakini herufi zikiingia kwenye kunjo la kushoto neno "siye" linapotea na ujumbe wote unakwenda nalo. Mtu wa mavazi alibane kunjo kwa pini kwa ndani, aisogeze kanga hadi neno la mwisho likae katikati ya fremu. Halafu, na hili ni la lazima, mkate kwenda kwenye uso wa aliyeachwa. Kicheko kiko kwake, anaposoma.

Nunueni doti tatu za kanga ile ile siku moja. Chapa hubadilika haraka, na mkirudi Kariakoo au Mtaa wa Uhuru baada ya wiki tatu mnaweza msiikute. Moja ni ya kuvaa, moja ya kumwagikiwa chai, moja ya akiba. Zifueni zote mara mbili kabla ya kupiga picha, maana kanga mpya ina dawa, inasimama kama karatasi na inasikika kwenye maiki.

Nyumba tuliyopata Sinza ni nzuri kwa macho, lakini sauti yetu imejaa feni, bodaboda na friji. Mhariri anasema haisafishiki.
*Fundi sauti anayejifunza*

Msikilize mhariri. Programu ya kusafisha sauti hula pia pumzi na miguno, na katika filamu hii miguno ya akina mama ni nusu ya vichekesho.

Friji izimwe wakati wa kurekodi. Ili isisahaulike na nyama za mwenye nyumba zikaharibika, weka ufunguo wa gari la vifaa ndani yake. Hamtaondoka bila kuifungua. Feni nayo izimwe kila panapokuwa na maneno. Madirisha ya upande wa barabara yazibwe kwa magodoro yaliyosimamishwa, na sakafu ya vigae itandikwe mikeka na mablanketi nje ya fremu, kwani mwangwi wa chumba kitupu hauna dawa baadaye. Maiki ya fimbo ikae juu ya kichwa cha msemaji, kama sentimita 50 kutoka mdomoni. Ikienda mita moja na nusu, umeshaanza kurekodi Sinza.

Maiki ya kifuani ina fitina zake kwenye mavazi yetu. Dera na buibui huchakacha kwa kila hatua. Ibandike kwenye sidiria, kati ya vipande viwili vya tepu ya kubandika mwilini vilivyokunjwa pembetatu, na waya upige kitanzi kidogo chini yake ili mvuto usiifikie. Avalishwe na mwanamke. Kama kikosi chenu hakina fundi sauti wa kike, mfundisheni mtu wa mavazi. Ni kazi ya nusu saa.

Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, sauti za juu zicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Nafasi hiyo iliyobaki ni kwa ajili ya vicheko, maana akina mama wanne wakicheka pamoja sauti hupanda ghafla na ikigonga sifuri imepasuka moja kwa moja. Mnapotaka waongee kwa kupishana na kudakiana maneno, kila mmoja awe na maiki yake kwenye njia yake. Wapishane kwenye shoti pana. Kwenye shoti za karibu kila mmoja aseme peke yake, na mhariri ndiye atawadakisha.

Adhana ikianza, simameni. Isikike nusu kwenye shoti moja na ipotee kwenye inayofuata, mtazamaji atajua mmekata. Andikeni saa za adhana za msikiti wa karibu kwenye ratiba ya siku, mpange chai au kubadili taa hapo. Na kila chumba, kabla ya kukiacha, watu wote wanyamaze, urekodi sekunde 60 za ukimya wake. Ukimya wa Sinza si wa Kigamboni. Mvua ikigonga bati, hakuna ujanja, fanyeni shoti zisizo na maneno.

Mpigapicha wangu anataka kulainisha nyuso za waigizaji kwa kichujio ili "wasionekane wazee." Wana miaka 48 hadi 57. Nimkubalie?
*Mtayarishaji, Ilala*

Hapana, dada. Mstari wa paji la uso ndio unaosogea mtu anaposikia jambo asiloliamini. Ukiufuta, umefuta jibu lake. Mwambie mpigapicha nguvu hizo azipeleke kwenye taa.

Ngozi nyeusi hupendeza kwa mwanga mpana unaotoka ubavuni. Hata taa moja ya LED inatosha ikipitia shuka jeupe la pamba lililotandazwa kwenye fremu ya mbao ya mita 1.5 kwa 2, likaribie uso kadiri fremu ya kamera inavyoruhusu. Upande wa pili weka ubao mweupe wa styrofoam urudishe mwanga kidogo, usiue kivuli chote. Taa ndogo, kali, ya mbele kabisa ndiyo inayozeesha, inang'arisha pua na kupoteza macho. Poda ya kupunguza mng'ao ipakwe kidogo kila baada ya nusu saa, rangi yake ifanane na shingo pia. Uso ulio tofauti na shingo umeharibu sinema nyingi nzuri.

Nje, epukeni saa 5 hadi saa 9 mchana. Mwanzoni mwa Machi na karibu katikati ya Oktoba jua la Dar hupita utosini kabisa, na macho hugeuka mashimo. Saa hizo ingieni barazani, mgongo kwenye ukuta mweupe, uso ukitazama uwanja wenye mwanga. Ule mwanga mtamu wa jioni nao ni mfupi huku kwetu, jua linazama karibu wima. Mnazo kama dakika 30. Panga shoti mbili, usipange sita.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo shata ya kamera iwe 1/50 ya sekunde. Ikiwa 1/60 mtaona mistari ikitembea ukutani. Taa za bei nafuu zilizoko darini hupepesa hata kwa 1/50, zijaribuni na kutazama picha kwenye skrini kubwa kabla ya siku yenyewe.

Tunapiga picha kwa wiki nne. Mhusika ana hina na nywele za kusuka tangu mwanzo hadi mwisho. Vitadumu?
*Msusi wa filamu, Temeke*

Hina hukolea ndani ya siku moja au mbili na kufifia ndani ya wiki mbili hivi, mapema zaidi kwa mama anayeosha vyombo. Sini zote za hina zikusanywe kwenye siku sita au saba mfululizo. Ikishindikana, chora ua jepesi ambalo fundi yule yule anaweza kulirudia, na umwekee picha za mikono yote miwili, mbele na nyuma, zenye rula kando. Nywele, usibahatishe: suka wigi. Mizizi ya rasta huanza kuonekana baada ya siku kumi, na kwa mama mwenye mvi inaonekana mapema zaidi. Kama mvi zake ni sehemu ya hadithi, ziandike kwenye muswada, zisionekane kwa bahati mbaya kwenye sini ya 40.

Siku ngapi na diski ngapi kwa filamu ya dakika 92? Waigizaji wangu wengi wana biashara na familia.
*Mratibu, Kigamboni*

Kikosi kidogo cha watu 18 kinamaliza kurasa 5 kwa siku bila kuvunja watu. Kurasa 92 zinakupa siku 19. Ongeza 2 za akiba. Kimbia masika, Machi hadi Mei, na kwa vuli ya Oktoba hadi Desemba weka sini za ndani kama mbadala wa kila siku ya nje.

Mama mwenye genge hawezi kukupa siku 19 zilizotawanyika wiki sita. Atakupa siku 5 mfululizo, biashara ikiwa mikononi mwa binamu yake. Panga ratiba kwa waigizaji kwanza, kisha lokesheni. Aliyezoea kuamka saa 10 alfajiri kuwasha jiko atakuwa bora asubuhi, sini zake ngumu zisiwe za saa 2 usiku. Maji, chupa 36 za lita moja na nusu kwa siku. Weka kiti chenye mgongo kwa kila mwigizaji, kivulini. Kusimama saa nne ukingoja taa huonekana kwenye magoti na kwenye uso.

Diski: kamera ikiandika megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45. Mkirekodi dakika 8 kwa kila dakika 1 itakayobaki, ni dakika 736, yaani kama gigabaiti 552. Kamera mbili, zidisha mara mbili. Nakala ziwe tatu, na moja ilale nyumba nyingine kila usiku. Kadi isifutwe hadi mtu wa pili afungue faili kutoka kwenye diski na kulitazama. Wengi wamepoteza siku nzima kwa kuamini mstari wa kijani wa "imekamilika."

Vibali vinahitajika kwa filamu ndogo hivi? Na tunataka wimbo wa zamani wa taarabu kwenye sini ya kitchen party.
*Wawili wa Magomeni*

Vinahitajika. Kibali cha kupiga picha kinatolewa na Bodi ya Filamu, na filamu ikikamilika inarudi kwao kuhakikiwa na kupewa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa hadharani. Peleka muswada uliokamilika. Mtaani mjulisheni mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa barua, mpate nakala iliyogongwa muhuri. Siku jirani atakapolalamika jenereta, hiyo karatasi ndiyo mtakayoonyesha. Hospitali, soko na kivuko kila kimoja kina mwenyewe wa kuombwa. Droni inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA.

Wimbo una haki mbili. Kuna mtunzi wa maneno na muziki, na kuna mwenye ile rekodi. Mkipata ruhusa ya mmoja mna nusu tu. Hakimiliki ya mtunzi kwa sheria yetu ya 1999 inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake, hivyo "zamani" peke yake haitoshi. Ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nani amesajiliwa, kisha mkaelewane na warithi kwa maandishi, mkitaja filamu, televisheni, intaneti na nchi zote. Kama rekodi imeshindikana lakini mtunzi au warithi wamekubali, akina mama wa kwenye sini wauimbe wenyewe kwa kupiga makofi. Mara nyingi hupendeza kuliko rekodi, na mnaikata mnavyotaka.

Tumemaliza kuhariri. Tulipoionyesha Mikocheni watu walicheka hadi mistari iliyofuata haikusikika. Tunakwenda nayo pia kwa wasiojua Kiswahili, na tafsiri ya chini inaua vichekesho. Tunataka kuipeleka ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar.
*Kikosi cha watu saba*

Hongereni sana. Shida ya kicheko kinachozidi ni ya kurekebishika kwa siku mbili.

Ionyesheni tena kwa watu 15 ambao hawajaiona, nusu yao wanawake wa zaidi ya miaka 45, nusu watoto wao wakubwa. Wakae chumba kimoja. Weka simu mbele yao irekodi sauti ya chumba tangu sekunde ya kwanza, kisha uilaze rekodi hiyo chini ya filamu kwenye programu ya kuhariri. Sasa unaviona vicheko kama milima. Pale mlima unapofunika mstari, usirefushe ukimya mtupu. Rudisha uso wa mtu anayesikiliza, sekunde moja au mbili. Ukumbi ukicheka, uso huo unawangoja. Mtu akiitazama peke yake kwenye simu, uso huo unaendelea kumchekesha, na hatahisi pengo. Kwa hiyo tafuteni kwenye mabaki zile nyuso ambazo mhariri alizitupa kwa kuwa "hakuna kinachotokea." Na pale mlima wa vijana ulipo lakini akina mama wamenyamaza, rudini kwenye sini hiyo mkaitazame upya, huenda inawacheka wao.

Tafsiri ya chini isizidi mistari miwili, kila mstari herufi 42, na isikae chini ya sekunde moja wala juu ya saba. Kinachoua kichekesho ni maandishi kutangulia mdomo. Mama anasema, "Mimi sina neno naye," anakunywa chai, "ila asikanyage kwangu." Ukiandika yote kwa pamoja, msomaji amecheka wakati kikombe kiko hewani, na mwigizaji anamalizia kwenye ukimya. Kata vipande viwili. Cha pili kitokee mdomo unapofunguka, wala si fremu moja kabla. Jina la kanga nalo litafsiriwe, kwa herufi za mlalo, tofauti na maneno mengine, litokee pale mama anapogeuka na lizime kabla ya kukata kwenda kwa yule aliyeachwa amesimama.